Mwanangu, tunza daftari lako la Kitulo

Mwanangu Upendo,

Salamu nyingi kutoka Matamba. Sisi hatujambo, ila mvua imekazana na barabara ya kupandia kutoka Chimala ina matope tangu kona ya kwanza hadi ya 57.

Habari kwamba umechaguliwa katika kundi litakalohesabu okidi hifadhini Kitulo nimeipata kwa mama mchungaji kabla hujaniandikia. Halikunipendeza hilo, ingawa siku hiyohiyo niliwatangazia watu dukani, hata ambao hawakuniuliza.

Jambo langu ni moja: tunzeni karatasi zenu. Umeniambia kwamba mtatandaza kamba, mtahesabu shina mojamoja na kuandika kwa kifaa mahali hasa lilipo kila kundi la maua. Mchimbaji wa viazi vya okidi hana kifaa hicho. Naye hutoka msimu huuhuu wa maua, kwa sababu okidi ikishanyauka majani humezwa na nyasi, asiione. Kwa hiyo wewe na yeye mtakuwa mkitafuta kitu kimoja katika bonde moja. Tofauti ni kwamba yeye anajua kilima alichokikanyaga tu, na daftari lako litajua uwanda mzima.

Soko unalijua. Magunia hupita Tunduma kwenda Zambia, ambako viazi hivyo hutwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga na kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Kitulo ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kilometa za mraba zipatazo 413 zilizotengwa hasa kwa ajili ya mimea, uchimbaji humo ukawa kosa kisheria, lakini mnunuzi hakuacha kuuliza bei.

Chini ya shina utakuta viazi viwili: kimoja kimesinyaa, ndicho kilicholisha ua la mwaka huu, kingine ni kigumu, kimejaa, ni cha mwaka ujao. Mchimbaji huchukua kile kigumu, akafukia kizee, akaondoka akisema mmea ameurudisha ardhini. Mwaka ulioingia kidato cha kwanza viazi vyetu mviringo vilioza shambani, na ada yako ililipwa kwa wakati. Hukuwahi kuuliza, nami sikuona sababu ya kueleza.

Ndiyo maana nakwambia habari ya daftari. Baba zako wadogo watakukaribisha chai na kukuuliza mmefika wapi. Si watu wabaya, na uwasalimie kwa heshima. Waambie mlikuwa huko juu, basi. Ramani mtakayoitoa ionyeshe eneo pana, isionyeshe bonde. Kiongozi wenu akisema elimu inataka uwazi, mwambie kwamba wenye majembe nao wana simu.

Tena msikimbilie kuandika kwamba ua limetoweka kwa sababu tu hamkulikuta, maana zipo okidi zinazoweza kukaa ardhini mwaka mzima bila kutoa hata jani. Tazameni kwanza udongo. Penye vishimo vipya vya upana wa kiganja, mmejibiwa.

Uwanda uko kwenye meta 2,600 hivi, na Morogoro imekuzoesha joto. Mama yako amekufumia sweta, rangi hutaipenda, ulivae. Ukungu ukishuka, simameni pamoja hadi upite. Wewe tangu zamani huwa unaona aibu kusubiri wenzako, na tabia hiyo sijui umeitoa wapi.

Ng'ombe mweusi amezaa jike. Bati la jikoni limeng'oka upande wa kaskazini, kwa hiyo ukifika Chimala ninunulie misumari ya bati kilo mbili kabla hujapanda gari, maana bei ya huku ni ya kukomoana. Begi lenye daftari lipakate mwenyewe. Usikubali kondakta alitupe juu ya keria.

Baba yako