Dada, nilikujibu haraka

Shikamoo dada,

Jumanne uliponipigia simu kuniambia kwamba daktari amekuomba uingie kwenye majaribio ya dawa ya saratani yako ya matiti, hukuwa hata umemaliza kueleza nikadakia, "Ingia tu, hiyo ni bahati." Ukanyamaza. Ukimya ule haujanitoka tangu siku hiyo. Sikukuuliza ni dawa gani, wala wewe mwenyewe unaogopa nini. Naomba unisamehe. Naandika hadharani kwa sababu najua wapo wagonjwa wengine wanaojibiwa hivyohivyo na watu wanaowapenda.

Kichwani mwangu nilikuwa na Herceptin. Ni dawa ya saratani ya matiti ambayo seli zake zina HER2, protini inayochochea seli kukua, nyingi kupita kiasi. Mwaka 2005 matokeo ya majaribio makubwa yalionyesha kwamba wanawake walioipata pamoja na kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, au baada yake, hatari ya ugonjwa kurudi ilipungua kwa karibu nusu. Niliwafikiria hao, wale walioipata mapema. Niliwasahau wenzao waliojiandikisha vilevile wakaangukia kundi lisilopewa. Nilisahau pia kwamba dawa hiyo inaweza kudhoofisha moyo, ndiyo maana anayeitumia hupimwa moyo mara kwa mara.

Kisha nikasoma habari iliyoninyima usingizi. Katika miaka ya 1990 madaktari wengi waliamini kwamba kemo kali sana, ikifuatwa na kurudishiwa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, au seli zake, ingeishinda saratani ya matiti iliyosambaa. Wanawake wengi waliikimbilia. Wengine walikataa kuingia kwenye majaribio kwa kuhofia kupangiwa tiba ya kawaida, wakaitafuta ile mpya nje ya utafiti. Mwaka 1999 matokeo yalipoanza kutoka, waliotibiwa kwa ukali ule hawakuonekana kuishi zaidi ya wenzao, na wapo waliouawa na tiba yenyewe. Utafiti mmoja wa Afrika Kusini uliokuwa ukiisifu ulibainika kuwa wa udanganyifu. Dada, wale hawakuwa wajinga. Walikuwa na tumaini kama nililokuwa nalo mimi Jumanne.

Majaribio yapo kwa sababu hakuna anayejua bado. Hata daktari wako. Angekuwa anajua kwamba dawa mpya ni bora, asingekuwa na haki ya kuacha kompyuta ichague nani aipate. Maana ndivyo inavyokuwa mara nyingi kwenye awamu ya tatu, ile ya kulinganisha dawa mpya na tiba ya kawaida kwa wagonjwa wengi: unapangiwa kundi kwa kura, hutachagua wewe wala yeye. Awamu ya kwanza ni jambo jingine kabisa. Pale wanatafuta kwanza kipimo ambacho mwili unaweza kukihimili, kwa watu wachache. Kwa hiyo uliza ni awamu ya ngapi kabla ya kuuliza chochote.

Ulitaja hofu ya kupewa dawa bandia, yaani inayofanana na dawa lakini haina dawa ndani, ukaachwa hivihivi. Kwenye saratani yenye tiba inayojulikana, kwa kawaida mgonjwa haachwi bila tiba. Kundi la kulinganisha hupata ile ya kawaida, na dawa bandia ikiwepo huongezwa juu yake. Lakini usiridhike na maneno yangu. Muulize daktari hivi: "Nisipoingia, nitatibiwa kwa nini hasa?" Swali hili naliona kubwa kuliko mengine yote, kwa sababu ndilo linalokuonyesha unachokiacha na unachokifuata. Akujibu kwa majina ya dawa na idadi ya miezi. Kisha akwambie ni siku ngapi za ziada za kwenda hospitali, damu itachukuliwa mara ngapi, kama watanyofoa tena kinyama cha kupima, na ukidhurika nani atalipia matibabu.

Kuna kitu ulikisema kwa sauti ya chini, kwamba unaona aibu kumkatalia daktari aliyekuhudumia vizuri. Hapo ndipo nilipopaswa kukusikiliza zaidi. Karatasi ile inaitwa fomu ya ridhaa, na ridhaa haidaiwi. Ukikataa, matibabu yako ya kawaida hayaguswi. Ukikubali, unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu. Ila usiache dawa kimyakimya, waambie ili wakusimamishe kwa usalama.

Na usikatae kwa ajili ya wale wanaokwambia unafanywa panya wa maabara. Zamani mwanamke mwenye uvimbe kama wako alikatwa titi zima pamoja na misuli ya kifua. Wanawake waliokubali kushiriki utafiti wa daktari mpasuaji wa Marekani, Bernard Fisher, na wenzake kuanzia miaka ya 1970 ndio waliosaidia kuonyesha kwamba wengi wangeweza kuondolewa uvimbe tu, kisha wakapigwa mionzi. Wewe ulitolewa uvimbe, titi likabaki. Nilipoligundua hilo nililia.

Alhamisi naja. Nitakuwa na daftari, niandike majibu ya daktari wakati wewe unamsikiliza. Sitasema ingia, sitasema usiingie. Ukisaini, zile siku za ziada tutakwenda wote. Usiposaini, siku za kemo tutakwenda wote vilevile. Niwekee ile fomu mezani. Ukurasa wa madhara nataka tuusome pamoja, polepole, na ukichoka tutaufunga.

Mdogo wako