Nani hulipia mabango ya wapinga vita?

Mhariri,

Maandamano ya kupinga vita yanapopamba moto, hukosi kusikia kwamba waandamanaji wamelipwa na adui. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, Rais Lyndon Johnson aliitaka CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ichunguze kama vikundi vya Marekani vilivyopinga vita hivyo vilifadhiliwa kutoka nje, na shirika hilo, pamoja na upekuzi wake wote, halikupata ushahidi wa maana. Sisemi kwamba fedha za serikali za kigeni hazijapata kupita humo. Baraza la Amani Duniani, shirika la kimataifa la kupinga vita, lilitegemea mno mfuko wa Kisovieti. Hata hivyo, vikundi vingi vidogo huendeshwa kwa ada za wanachama na kofia inayopitishwa mkutanoni, ambayo mara nyingi hurudi na sarafu nyingi kuliko noti. Vitangaze hesabu zao, na anayewatuhumu naye aonyeshe hundi.

Msomaji wenu