Faini tulilipa, mbona haiishi?

Mhariri, mimi bangi siitetei, hata sigara sivuti, lakini kuna jambo limenikaa kooni naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako.

Mpwa wangu alishikwa 2023 na msokoto mmoja, mmoja tu, wakiwa wanne maskani. Wale watatu walikuwa na kitu mfukoni wakamalizana na maafande papo hapo, yeye alikuwa na mia mbili akalala ndani. Asubuhi kortini kasomewa shtaka, wakili hana, jamaa waliyelala naye seli alishamwambia we kubali tu yaishe, basi akakubali. Faini elfu kumi na tano. Mamake akauza cherehani tukalipa tukajua yamekwisha.

Kumbe ndo kwanza yaanza. Siku hizi kazi yoyote ya maana, uwe bawabu uwe dereva, sembuse hizi za Ghuba, cha kwanza waulizwa good conduct, kile cheti cha polisi cha kuonyesha kama una rekodi ya makosa. Akalipa ile 1,050, akaenda kutiwa alama za vidole, akarudi vidole vyeusi kama aliyekuwa akimenya ndizi mbichi, na furaha tele. Karatasi ilipotoka, kosa limeandikwa mle. Kampuni ilompa kazi ya ulinzi hata haikuuliza ilikuwa bangi kiasi gani, iliangalia mstari ule mmoja ikamrudishia faili lake.

Sasa tazama, sheria ya mihadarati ya 1994 ilikuwa yasema miaka 10 hata kwa bangi ya kuvuta mwenyewe. 2022 bunge likailegeza, ikawa isizidi miaka 5 ama faini isozidi laki moja. Sawa, shukrani. Lakini kifungo kimepunguzwa, cheti je? Korti imempa faini, hiyo adhabu nyingine ya kukosa kazi maisha nani alomhukumu? Na mlevi wetu hapa mtaani, namjua vizuri, Jumapili alala mtaroni na Jumatatu yuko kazini na lori la watu.

Afrika Kusini, ambako korti ya katiba iliruhusu mtu mzima avute kwake tangu 2018, sheria waloitia saini Mei 2024 ina kipengele cha kufuta rekodi za makosa kama haya. Mwaka huohuo mama mmoja wa kazi ya ofisini alofutwa kwa sababu mkojo wake ulionyesha bangi akashinda kesi kwenye korti yao ya rufaa ya kazi. Sisemi tuhalalishe kama wao. Nauliza tu wabunge wetu, mtu wa msokoto mmoja alolipa faini na akakaa miaka mitatu bila kosa jingine, shida iko wapi cheti chake kikitoka safi?

Juzi kasikia kuna nafasi za madereva Qatar. Kaniuliza, mjomba nijaze fomu ama nisijisumbue? Mpaka leo sijamjibu.

Mjomba mtu, Kisauni, Mombasa