Barua kwa Hamisi wa Manyoni: kuipima Ibuti la Jauza

Dodoma, 14 Julai 2026

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Huku sisi wazima, ila baridi ya alfajiri inauma na upepo umeshaanza kupandisha vumbi.

Barua yako ina maswali mawili: ile nyota nyekundu ya kundi la Jabari (Orion), yaani Betelgeuse, italipuka lini, na klabu yenu ya sayansi inaweza kufanya nini cha maana bila darubini. La kwanza nalimaliza upesi. Mwaka 2020 kundi la Meridith Joyce lilikokotoa kwamba Betelgeuse bado inachoma heliamu katika kiini chake, na kwamba imebakiwa na zaidi ya miaka 100,000. Wapo waliotoa muda mfupi kuliko huo, na wengine wamewapinga. Kwa wanafunzi wa kidato cha tatu, hiyo ni ngoja ngoja ya kuumiza matumbo. Wape kazi nyingine.

Swali lako la pili ndilo lenye nyama. Betelgeuse, ambayo wazee wa pwani waliiita Ibuti la Jauza, ni nyota geugeu. Mng'ao wake hupanda na kushuka kwa mzunguko wa siku kama 400 kwa sababu nyota yenyewe hutanuka na kunywea. Juu ya huo upo mzunguko mrefu wa siku kama 2,100, karibu miaka sita, uliowasumbua watu muda mrefu. Mwishoni mwa 2019 ikaanza kufifia kupita kawaida, na kufikia Februari 2020 ilikuwa magnitudi (kipimo cha mng'ao) 1.6 hivi, karibu sawa na jirani yake Bellatrix. Ukumbuke magnitudi huenda kinyume: namba ikikua, mwanga umepungua. Kutoka 0.5 yake ya kawaida hadi 1.6 ni kupungua karibu mara 2.8. Picha za darubini kubwa ya Chile zilizochambuliwa na kundi la Miguel Montargès, na vipimo vya Andrea Dupree kwa darubini ya angani Hubble, vilieleza kilichotokea: nyota ilitapika gesi, gesi ikapoa ikawa vumbi, na vumbi likaziba upande wa kusini wa uso wake.

Huo mzunguko mrefu nao umepata maelezo. Mwaka 2024 makundi mawili, la Jared Goldberg na la Morgan MacLeod, yalitabiri kwamba kuna nyota ndogo inayoizunguka kubwa na kuvuruga vumbi lililo karibu nayo. Julai 2025 Steve Howell na wenzake walitangaza kwamba wameiona kwa darubini ya Gemini North huko Hawaii, katika vipimo vya Desemba 2024. Ni hafifu kwa magnitudi sita hivi, yaani mara 250, na imejibanza umbali wa sehemu 52 za elfu moja za sekunde ya nyuzi (nyuzi moja ina sekunde 3,600). Ikapewa jina Siwarha, Kiarabu cha "bangili yake". Kwa kuwa ibuti ni kwapa, sasa tuna bangili iliyovaliwa kwapani, lakini tuyaache hayo.

Usiwaambie wanafunzi kwamba jambo limekwisha. Uhakika wa ugunduzi ule ulikuwa sigma 1.5 tu. Kwa hesabu ya kawaida, kelele za chombo peke yake zinaweza kutoa alama kama ile mara 13 hivi katika 100. Kinachoipa nguvu ni kwamba ilionekana mahali na wakati uliotabiriwa. Itajitenga tena vizuri Novemba 2027, na hapo ndipo itakapopimwa upya. Na ule utabiri wa 2024 ulitegemea kumbukumbu za zaidi ya miaka mia moja za mng'ao na mwendo wa nyota, nyingi zikiwa namba ndogondogo za watu waliotazama juu na kuandika. Klabu yenu inaweza kuingia hapo.

Faida ya kwetu iko hivi. Katikati ya Juni jua hupita karibu na nyota hiyo, kwa hiyo haionekani. Watu wa kaskazini huanza kuiona tena kwa shida, chini kabisa, anga lao likiwa limeshapauka kwa mapambazuko ya mapema. Dodoma na Manyoni, mwisho wa Julai, saa kumi na moja na nusu alfajiri iko nyuzi 22 juu ya upeo wa mashariki. Katikati ya Septemba, saa kumi na moja kamili, imefika nyuzi 59. Katikati ya Oktoba muda huohuo iko kileleni, nyuzi 76 upande wa kaskazini. Kisha mvua yetu ya msimu mmoja inaanza, na Desemba hadi Aprili, wakati Jabari anaonekana tangu jioni, sisi tunatazama mawingu. Kwa hiyo msimu wenu ni alfajiri za Agosti hadi Novemba. Msisubiri Krismasi.

Kuitambua si kazi. Mkitazama mashariki, nyota tatu za mkanda zinachomoza zikiwa zimesimama karibu wima. Betelgeuse iko kushoto kwa mkanda, nyekundu. Rigel iko kulia, nyeupe yenye ubuluu.

Kupima kwa macho ni kulinganisha. Mnatafuta nyota moja inayoizidi Betelgeuse kidogo na moja inayozidiwa nayo kidogo. Namba za kukariri: Rigel 0.1, Procyon 0.4, Aldebaran 0.9, Pollux 1.1, Bellatrix 1.6. Kisha mnagawa pengo. Tuseme mwanafunzi anaiona Betelgeuse hatua mbili chini ya Procyon na hatua tatu juu ya Aldebaran. Pengo la 0.4 hadi 0.9 ni 0.5, mbili ya tano yake ni 0.2, jibu ni 0.6. Andikeni desimali moja tu. Akikuletea 0.63 kwa macho, mrudishie.

Sasa yanayoharibu. Kubwa kuliko yote ni hewa. Mwanga wa nyota iliyo chini hupita kwenye hewa nene zaidi, na unene huo unaupata kwa kugawa 1 kwa saini (sin) ya kimo cha nyota, yaani nyuzi zake juu ya upeo. Chukua alfajiri ya 31 Julai, saa kumi na moja na nusu. Betelgeuse iko nyuzi 22, unene 2.7. Aldebaran imetangulia, iko nyuzi 38, unene 1.6. Tofauti ni 1.1. Hewa safi ya uwanda wetu hula kama magnitudi 0.25 kwa kila unene mmoja, hivyo Betelgeuse itaonekana imefifia kwa karibu 0.3 ambayo haikufifia. Siku ya vumbi au ya moshi wa mashamba yanayochomwa, 0.25 inaweza kuwa 0.4, na kosa linapita 0.4. Ndiyo maana kila Agosti huzuka mtu mahali fulani akitangaza kwamba nyota imeanza kufa. Andikeni kimo cha kila nyota, hata kwa kipimapembe cha kadibodi chenye uzi na jiwe, kisha mfanye hesabu hiyo mkiwa darasani mchana. Na mwisho wa Agosti rudieni, Procyon nayo ikiwa imepanda vya kutosha, ili mpate mlinganisho wa juu na wa chini.

La pili ni jicho. Nyota nyekundu ikikodolewa gizani huzidi kung'aa machoni kadiri unavyoitazama. Sekunde moja au mbili kwa Betelgeuse, moja au mbili kwa nyota ya mlinganisho, rudi tena, mara nne au tano, halafu amua. Mwenye miwani aivae. Taa za mji hazisumbui nyota kubwa kama hizi, kwa hiyo hamna haja ya safari ya porini. Mnachohitaji ni ukuta wa kuzuia taa ya ulinzi isiwapige machoni.

La tatu ni mdomo. Watoto wakisikilizana, mmetoa jibu moja mara kumi. Kila mmoja aandike kimya kwenye karatasi yake, aikunje, akuletee. Asitazame namba yake ya jana. Ukipata kumi zinazotofautiana kwa 0.2 au 0.3, hiyo ni hali ya kawaida kabisa. Ukipata kumi zinazofanana, walinong'onezana.

La nne ni saa, na hapa Kiswahili kinatuponza kisha kinatuokoa. Chama cha waangalizi wa nyota geugeu cha Marekani, AAVSO, ambacho tangu 1911 kinakusanya vipimo vya namna hii na kupokea vya nchi yoyote, kinataka tarehe ya Julian. Tarehe hiyo inahesabu siku mfululizo na hugeuka saa sita mchana ya saa za dunia, ambayo kwetu ni saa tisa alasiri. Hivyo usiku wetu wote, kuanzia magharibi hadi mawio, uko ndani ya namba moja. Namba ya saa tisa alasiri ya 1 Januari 2026 ilikuwa 2461042. Kila siku ongeza moja. Sehemu ya siku unaipata hivi: chukua saa ya usiku kwa Kiswahili, ongeza 3, gawa kwa 24. Saa tano usiku ni 8 kwa 24, yaani 0.333. Saa kumi na moja alfajiri ni 14 kwa 24, yaani 0.583. Mwenye saa ya mkononi inayosoma 5:00 alfajiri akiweka 5 kwenye kanuni hii amekosea robo siku, na hakuna atakayegundua.

Kosa la tarehe nalo ni baya. Kipimo cha alfajiri ya 11 Agosti ni cha usiku ulioanza 10 Agosti. Saa kumi na moja alfajiri hiyo ni 2461263.583. Fanyeni hesabu hii ubaoni mpaka kila mtoto aipate, kabla hata hawajatoka nje.

Umesema unaweza kuazima kamera ya lenzi ya kubadilisha. Nzuri, itatoa desimali mbili, lakini ina adabu zake. Simu iacheni, hupika picha bila kukuuliza. Kwenye kamera, chagua kuhifadhi picha ghafi (RAW), kwa sababu picha zilizobanwa zimeshapindwa mizani ya mwanga. Lenzi iwe 35 mm, ili Betelgeuse na Aldebaran, zilizoachana nyuzi 21, zikae fremu moja bila kusukumwa pembeni ambako lenzi huingiza giza. Tundu f/4, ISO 200, sekunde 5, kamera juu ya stendi. Kisha ipotoshe fokasi mpaka nyota iwe kiduara cha pikseli 15 hadi 20. Watu husita hapa, wakidhani wanaharibu picha. Nyota kali iliyokolezwa kwenye pikseli chache huzijaza pomoni, na pikseli iliyojaa haihesabu tena. Kamera nyingi za namna hiyo zina kikomo cha 16,383. Pikseli yenu kali kuliko zote isivuke 10,000. Ikivuka, punguza ISO. Usipunguze sekunde, kwa sababu sekunde 5 zinafifisha mmemetuko wa hewa, na nyota husogea pikseli tatu au nne tu.

Pigeni picha kumi za nyota, kumi zenye kifuniko kwenye lenzi kwa mpangilio uleule, na kumi za anga la mapambazuko kupitia fulana nyeupe iliyonyooshwa juu ya lenzi, fokasi isiguswe. Za kifuniko zinatolewa kwenye picha za nyota, kisha za fulana zinazigawa. Jumlisha pikseli za kijani tu za kiduara cha kila nyota. Mfano: Betelgeuse imetoa 132,000 na Aldebaran 104,000. Uwiano ni 1.27, logi yake 0.104, zidisha kwa 2.5 upate 0.26. Aldebaran ni 0.87, toa 0.26, jibu ni 0.61 kabla ya kusahihisha hewa. Msitumie Rigel kwa kamera. Rangi yake iko mbali mno na ya Betelgeuse, na kijani cha kamera si kijani cha vitabu.

Mwezi mwandamo unaangukia 12 Agosti, kwa hiyo alfajiri za tarehe 11 hadi 16 zitakuwa na giza zuri. Anzeni kwa macho, kamera ifuate wiki ya pili. Kila karatasi iwe na saa, jina la nyota mbili za mlinganisho, hatua, kimo, na neno moja la hali ya hewa: safi, vumbi, moshi, wingu jembamba. Nitumie za wiki ya kwanza zote kabla hujachuja, hata zile ambazo mtoto amekata akaandika tena. Zilizokatwa ndizo nitakazoanza nazo.

Msalimie mama watoto.

Ndugu yako,
Elia