Barua kwa Athman: Dawa ya lehemu na ini la mzee

Langoni, Lamu

Swahibu yangu Athman,

Assalamu alaykum. Barua yako nimeipata, na picha ya karatasi ya maabara pia. Wauliza kama mzee aache atovastatini, dawa yake ya kushusha lehemu (kolesteroli), kwa sababu ini lake lina mafuta na ALT, kipimo cha damu cha ini, imetoka 72. Asiache. Na huyo jirani aliyemwambia dawa za lehemu zaua ini, usimtukane. Hofu hiyo ina asili yake: karatasi za ndani ya pakiti zilionya hivyo kwa miaka mingi, na wagonjwa wakipimwa ini kila baada ya muda. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliondoa pendekezo hilo la kupima mara kwa mara, kwa kuwa madhara makubwa ya ini kutokana na statini, yaani jamii ya dawa za lehemu kama hiyo atovastatini, yalionekana ni nadra sana, na vipimo vile havikuwa vikiyatambua mapema wala kuyazuia. Sasa hupimwa kabla ya kuanza, kisha pakiwa na sababu.

Tena fikiria hili: mtu mwenye mafuta kwenye ini, hasa akiwa na kisukari kama mzee, kinachomuua zaidi ni moyo na mishipa. Kumnyima statini kwa ajili ya ALT 72 ni kumwacha wazi upande wenye hatari kubwa.

ALT ni kimeng'enya cha ini, na huvuja kwenye damu chembe za ini zinapoumia. Haisemi ini lafanya kazi kiasi gani. Kazi ya ini itazame kwenye bilirubini (umanjano ambao ini huuondoa kwenye damu), albumini (protini ambayo ini hutengeneza) na INR (kipimo cha damu kuganda), kisha mtazame mtu mwenyewe: tumbo lina maji? Anachanganyikiwa, analala mchana na kukesha usiku? Mambo hayo matano ndiyo madaktari huyapa alama, moja hadi tatu kila moja, katika kipimo cha Child-Pugh. Jumla ya 5 au 6 ni daraja A, 7 hadi 9 ni B, 10 hadi 15 ni C, iliyo mbaya zaidi. Karatasi ya mzee yasema bilirubini 14 na albumini 41, zote nzuri. INR hawakupima, wala sioni idadi ya platileti, chembe za kugandisha damu. Omba zote mbili. Platileti zikiwa chini ya 150 bila sababu nyingine, huenda ini limeshaanza kuwa na makovu, na hapo atahitaji kuchunguzwa zaidi hata kama yeye mwenyewe hasikii lolote.

Ini lenye makovu lakini bado lamudu kazi, daraja A, hutumia statini bila shida. Hata mwenye homa ya ini ya virusi vya B au C ya muda mrefu huruhusiwa. Mambo hugeuka ini likishindwa. Kwa kawaida ini hunasa sehemu kubwa ya statini kabla haijasambaa mwilini. Likijaa makovu damu hulipita pembeni, na dawa hufika kwenye misuli ikiwa nyingi. Katika utafiti uliofanywa Ulaya na kutolewa 2020, wagonjwa wa ini lililoshindwa waliopewa simvastatini, statini nyingine, 40 mg kwa siku, baadhi yao chembe za misuli ziliharibika na kuvunjika. Waliopewa 20 mg hawakupatwa na hilo. Kwa hiyo daraja B ni dozi ndogo chini ya jicho la daktari, simvastatini isizidi 20 mg, na daraja C kwa kawaida haipewi kabisa. Dalili ya misuli kuvunjika ni maumivu ya mapaja na mabega, unyonge, na mkojo rangi ya chai ya mkandaa. Hapo ni kuacha dawa siku hiyohiyo na kwenda hospitali.

Jambo moja huwadanganya wengi: lehemu ya kwenye damu nyingi hutoka kwenye ini lenyewe. Mgonjwa wa ini ambaye lehemu yake imeshuka sana bila dawa, msimpongeze; huenda ini ndilo linaloshindwa.

Mzee arudie ALT baada ya wiki 12 hivi. Kikomo cha maabara hiyo ni 40, kwa hiyo mara tatu yake ni 120. Ikivuka hapo, dozi ipunguzwe au isimamishwe, kipimo kirudiwe, na itafutwe sababu nyingine kabla ya kuilaumu statini. Ikipanda pamoja na bilirubini, au macho yakigeuka manjano, asingoje wiki 12.

Ninachokiogopa zaidi ni dawa nyingine. Umesema anatumia amlodipini ya presha. Basi asibadilishiwe simvastatini kwa ajili ya bei bila kumwambia daktari, maana hizo mbili pamoja simvastatini isizidi 20 mg. Akipewa dawa za bakteria wa vidonda vya tumbo, uliza kama kuna klarithromaisini ndani, kwa sababu hupandisha statini kwenye damu. Mara nyingi statini husimamishwa mpaka dozi hiyo iishe. Balungi nalo aliache. Dawa za mitishamba za kusafisha ini, zile za kwenye chupa zisizo na jina, wallahi hizo ndizo zingestahili kuogopwa na jirani yenu. Miraa pia imeshaumiza maini ya watu. Na maumivu yakimshika asinunue diklofenaki; parasetamoli kwa uangalifu, na kama ini lina makovu isizidi gramu 2 kwa siku.

Ramadhani isimtie wasiwasi. Atovastatini humezwa wakati wowote, hivyo baada ya kufuturu au wakati wa daku ni sawa, mradi iwe saa ileile kila siku.

Nitumie INR na platileti zikitoka, na unipigie picha pakiti zote za dawa zilizoko nyumbani, hata zile anazosema ameziacha. Mzee nisalimie sana, na mama watoto pia.

Wasalaam,
Swahibu yako, Shee