Kristo amefufuka! Salamu zangu za Pasaka kutoka Masasi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, Kristo amefufuka, amefufuka kweli kweli! Nawasalimu wote, ndugu na jamaa, majirani zangu wa Dar, wanakwaya wenzangu, na wale tuliopotezana siku nyingi. Niko nyumbani Masasi tangu Alhamisi Kuu na naomba mnivumilie, salamu ya mwaka huu ni ndefu maana kuna jambo nimelibeba muda.

Wengi mnaijua Masasi kwa korosho na haya majabali yetu, ila misheni ya hapa ilianzishwa na watu waliotoka utumwani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana aliondoka Unguja na kundi la watu waliokuwa wamekombolewa, wakashukia Lindi, wakatembea kwa miguu mpaka hapa wakajenga. Nimekua nikiyasikia haya kanisani mpaka nikayazoea, hayakuwa yananigusa.

Sasa mwaka jana nikavuka kwenda Unguja nikaingia lile kanisa la Mkunazini, lililojengwa pale pale palipokuwa na soko la watumwa. Soko lilifungwa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi. Karibu na altare kuna duara la marumaru sakafuni, inasemekana ndipo uliposimama mti wa kuwafungia watu wachapwe viboko, na leo watu wanapiga magoti hapo hapo kupokea Meza ya Bwana. Nje uani kuna sanamu za watu watano ndani ya shimo, shingoni wana minyororo, tena minyororo yenyewe ya enzi zile. Nilisimama pale nikashindwa kuondoka. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba soko lilifungwa 1873 lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Zanzibar mpaka 1897, yaani miaka 24 watu wanasali juu ya soko lililofungwa na mtaa wa pili bado kuna mtu anamilikiwa na mtu.

Nikajiona mimi. Nimebatizwa nikiwa mtoto, kipaimara nimepata, kwaya naimba, lakini kipindi kile nilikuwa nimeachishwa kazi na sijamwambia mtu. Miezi minne jamani. Kila asubuhi nachomeka shati, navaa kitambulisho ambacho hakifungui tena mlango wowote, napanda daladala naenda kukaa kwenye benchi mpaka jioni, narudi nasema leo kazi zilikuwa nyingi. Mama akipiga simu namwambia tuko salama, alafu nakopa nimtumie hela ili asishtuke. Maana nilishaamini kwamba mimi ndo ile kazi, ikiondoka hakuna mtu anayebaki ndani ya lile shati.

Yesu aliwaambia watu kwamba wataifahamu kweli nayo itawaweka huru, wakamjibu sisi hatujawahi kuwa watumwa wa mtu. Hata mimi ungeniuliza siku zile ningekujibu hivyo hivyo. Na Pilato naye ameuliza, "Kweli ni nini?", alafu akatoka nje bila kusubiri jibu na Kweli yenyewe imesimama mbele yake imefungwa kamba. Namwelewa kabisa Pilato, ukisubiri jibu inabidi ufanye kitu.

Wiki mbili baada ya Unguja nikapanda basi la kuja huku, nikamkuta mama anapepeta mchele, nikakaa chini kwenye mkeka nikamwambia yote, kazi, madeni, benchi, uongo wote wa miezi minne. Hakunifokea. Alinyamaza kwanza, akaweka ungo pembeni, akaniita jina langu la utotoni ambalo pale ofisini hakuna hata mmoja aliyekuwa analijua, akasema umekula? Nililia kama mtoto. Madeni yalikuwa bado yapo na kazi hakuna, ila usiku ule nililala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau.

Kwa hiyo Pasaka hii nimekaa sana kwa Mariamu Magdalena pale kaburini. Anamwona Yesu kabisa, anaongea naye, na anadhani ni mtunza bustani. Hakupewa hotuba ndefu, aliitwa tu "Mariamu", na hapo hapo akajua aliyesimama mbele yake ni nani, na naamini akajua tena na yeye ni nani. Namkumbuka pia padre Cecil Majaliwa, aliyefika Unguja akiwa mtoto mtumwa, na mwaka 1890 akawekewa mikono kuwa padre, Mwafrika wa kwanza katika misheni yetu, na akahudumu kule Chitangali, huku huku kusini. Kuna mtu alishamwona mtoto yule ni bei tu. Mungu alikuwa na jina lake.

Wapendwa, kama kuna mtu anasoma hapa na ana benchi lake la siri, liwe kazi, ndoa, pombe au deni, niandikie inboksi au nipigie, saa yoyote, sitashangaa na sitamwambia mtu. Mimi sasa hivi nafanya vibarua vya mahesabu kwenye maduka mawili matatu, hela si nyingi, na ukiniuliza nafanya kazi gani ndo jibu ninalokupa.

Pasaka njema kwenu nyote, Mungu awabariki sana. Niishie hapa, mama ananiita kwa jina lile lile huku nyuma, pilau inataka mtu wa kuipalia makaa.