Nimelipia kahawa ya watu tisa kwa kosa lenu

Mhariri,

Miaka 26 nimelisoma gazeti lako bila kukuandikia hata mstari mmoja. Makala yenu ya Jumapili kuhusu ndugu wanaoimba wawili wawili huko India Kusini imenitoa kwenye kimya changu.

Mmeandika kwamba Alathur Brothers, waimbaji wawili wa huko, walikuwa "ndugu wa tumbo moja". Hawakuwa. Sivasubramania Iyer alikuwa mtoto wa mwalimu, Venkatesa Iyer. Srinivasa Iyer alikuwa mwanafunzi wa mwalimu huyo huyo. Basi. Najua utajitetea kwamba neno ndugu kwetu ni pana, linambeba binamu, jirani na hata mwenyekiti wa tawi. Mngeandika ndugu peke yake ningenyamaza, kama ninavyowanyamazia waimbaji Radha na Jayalakshmi, ambao walikuwa binamu. Lakini tumbo moja ni tumbo moja.

Jioni ile ile nikabisha barazani. Mimi nilisomea ufamasia Madras, kabla haijaitwa Chennai mwaka 1996, na kila Desemba, msimu wa muziki ukifika, mama mwenye nyumba wangu alinikokota kwenye kumbi za Mylapore. Habari ya Alathur nimeipata kwake. Tukawekeana kahawa na kashata. Kijana mmoja akachomoa gazeti lako mfukoni, akasoma kwa sauti, na muuza kahawa akakata shauri: "Mzee, limeandikwa." Nimelipia watu tisa, wawili kati yao wamefika kesi imekwisha.

Hilo ningelimeza. Lililonikaba ni pale mliposema hizo ni "nyimbo za filamu za Kihindi, huimbwa na wawili ili sauti iwe kubwa". Filamu zipi? Mtunzi Tyagaraja, ambaye nyimbo zake haziepukiki kwenye onyesho la Karnatiki, yaani muziki wa jadi wa India Kusini, alifariki mwaka 1847, sinema haijazaliwa popote duniani! Na sauti kubwa ya nini, kwani vipaza sauti vimeisha? Wawili hukutana kwenye wimbo wenyewe, wakivuta pumzi pamoja. Ikifika alapana, raga (mpangilio wa sauti wa wimbo) inapofunuliwa bila maneno, hupokezana: mmoja anapanda, mwenzake ananyamaza na kusikiliza anapoachiwa. Kwenye svara, yaani noti zinazoimbwa kwa majina yake, hurushiana vipande, vikizidi kuwa vifupi, hadi unashindwa kujua nani kaanza. Ndiyo maana ndugu wanafaa: tambura, ala ya nyuzi inayoshikilia sauti ya msingi, ni moja, kwa hiyo lazima sauti zote mbili zistarehe kwenye kimo kimoja, na mazoezi ni ya kila alfajiri kwa miaka. Mtu wa nyumba nyingine utamwamsha saa kumi na moja mara ngapi? Halafu mkasema Bombay Sisters "wanatamba hadi leo". Lalitha amefariki Januari 2023. Dada yake Saroja aliachwa peke yake, nanyi mnawatambisha wote wawili.

Na picha! Mridangamu mmeiita "tabla". Tabla ni ngoma mbili, ni ya kaskazini. Mridangamu ni ngoma moja yenye nyuso mbili, hulazwa juu ya mguu. Lakini nishangae nini, ikiwa hata taarabu ya hapa hapa Tanga mnaiandika hivyo hivyo: mwimbaji jina, gauni rangi yake, mpiga kanuni "na wenzake". Mpiga kanuni huyo ana jina, amelibeba miaka arobaini.

Dawa ninayo. Mwandishi wenu akae mkekani kwa saa tatu, simu ndani ya kiatu, kiatu nje ya mlango, awasikilize Malladi Brothers mpaka mwisho (hao ni ndugu kweli, aandike bila hofu). Asitoke kwenda kula wakati wa mridangamu peke yake, kama watovu wa adabu wa Chennai wanavyofanya.

Nanyi mnirudishie vikombe tisa na kashata kumi na moja. Risiti sina, ila muuza kahawa yupo.

Mfamasia mstaafu,
Ngamiani, Tanga